Baba Alivyouza Itebero

Mjukuu wangu wa Goma alikuja kunionyesha karatasi aliyopewa katika formasio. Wamefundishwa namna ya kuuza. Siku nzima wamekaa kwenye viti, wakapewa soda na mkate, wakaambiwa kwamba mteja hanunui kitu, ananunua hadithi ya kitu, na kwamba ukitaka afungue mfuko wake, kwanza gusa moyo wake. Mtoto alikuwa na furaha sana. "Koko," akaniambia, "hii ni sayansi mupya." Nikacheka mpaka nikakohoa. Mupya! Mimi nimelelewa na hiyo sayansi. Imenilisha, imenivisha, na mwisho wake niliuona kwa macho yangu, ila huo mwisho hawakuuandika kwenye karatasi yake.

Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe, juu kidogo ya Burungu. Kwetu mwanaume njo alikama. Mwanamke hakugusa chuchu ya ng'ombe. Yeye alisafisha vibuyu, akavifukiza moshi, akasuka maziwa mpaka siagi inatoka, kisha akabeba kichwani kwenda soko. Kwa hiyo baba alikuwa na ng'ombe na maneno, mama alikuwa na maziwa na kazi. Wateja wetu walikuwa wamama wa familia za walimaji, wenye vilima vya maharagwe na viazi tangu babu za babu zao. Tulisali nao kanisa moja na tulipatana vizuri, isipokuwa siku ng'ombe wetu walipoingia katika maharagwe yao. Siku hiyo ukristo ulipumzika kidogo.

Mama yangu hakujua kuuza. Ninasema hivyo na ninampenda. Aliweka kibuyu chini, akakaa nyuma yake, akanyamaza. Mtu akiuliza, "Mama, maziwa iko muzuri?" alijibu, "Onja." Mtu akilalamika kwamba bei iko juu, alijibu, "Basi acha." Kuna siku alimwambia mteja kwamba kibuyu chake kimeingiwa na moshi kupita kiasi, afadhali aende kwa yule jirani, ya kwake inanukia vizuri. Mteja akaenda! Tukarudi nyumbani na maziwa yetu kichwani, tukayanywa wenyewe siku mbili.

Halafu mama akajifungua mdogo wangu, na wakati wa kupumzika kwake baba akasema ataenda soko yeye mwenyewe. Watu walicheka. Mwanaume na kibuyu sokoni! Baba hakujali. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimisha usogee karibu ili umsikie, na akishakusogeza hivyo, umekwisha.

Hakusema neno juu ya maziwa. Aliwasimulia wamama juu ya ng'ombe wetu mwekundu. Ni kweli huyo ng'ombe alifiwa na ndama wake wakati wa mvua kubwa. Lakini baba aliwaonyesha jinsi anavyosimama kila jioni kwenye mlango wa boma, ameelekeza masikio bondeni, anaita, anangoja, anaita tena. Alisema, "Na hata hivyo anatupatia maziwa, wamama. Amefiwa, na bado anatupatia." Machozi yakamtoka, moja upande huu na moja upande ule. Na katika wamama wale, nani hakuwa amezika mtoto? Walilia naye, wakanunua mpaka kibuyu kikakauka, na waliochelewa wakasikitika kwamba wamekosa maziwa ya yule mufiwa.

Baba akarudi anaimba. Mama alikuwa amelala na mtoto kifuani. Akamuuliza, "Uliuza nini?"

"Niliuza maziwa."

"Hapana," mama akasema. "Maziwa njo nilikuwa ninauza mimi."

Baba akacheka sana. Alipenda mama alivyokuwa anasema. Tangu siku hiyo, wamama wa soko wakawa wanamuuliza mama habari za ng'ombe mwekundu, kama amepata nafuu, kama bado analia. Mama alijibu, "Anakula majani." Wakamwona hana huruma.

Miaka hiyo ya baada ya vita vya Wazungu, neno ambalo wanaume wetu hawakupenda kusikia ni Walikale. Kule chini, porini, kampuni ilikuwa inachimba mawe ya madini upande wa Itebero, na ilitaka mikono. Chefu, mtawala wa vilima vyetu, alikuwa na mjumbe aliyepita na kuchukua wanaume ambao hawakuwa na kazi ya kujulikana. Ukiwa na kazi kwa Muzungu, ulibaki. Ukisema kazi yako ni kuchunga ng'ombe zako mwenyewe, mjumbe alicheka, akakwambia ng'ombe watajichunga. Mtu wa kwetu, wa baridi na majani mafupi, alitembea siku nyingi mpaka kwenye joto lile na miti ile ambayo jua halipiti. Wengine walirudi na homa. Wengine hawakurudi, na kwao palifika neno tu. Mjumbe alishamwangalia baba mara ya kwanza, na mara ya pili alimuuliza umri wake. Mama hakulala vizuri tena. Mimi pia niliogopa, niliomba kanisani kwa maneno yangu mwenyewe, bila kungoja katekista: Mungu, baba asiende Itebero. Sikuomba kingine.

Basi tukasikia kwamba Muzungu wa shamba la pareto, upande wa pili wa bonde, anatafuta mtu mmoja wa kumpelekea maziwa kila asubuhi. Mtu huyo atahesabiwa kama mfanyakazi wake. Baba akasimama hapohapo. "Nimepona," akasema.

Alijitayarisha kama padri wa Pasaka. Alitusimulia sisi hadithi ya ng'ombe mwekundu, alimsimulia mjomba, kaka pekee wa mama, aliyekuwa akitutembelea kutoka Nyamitaba na ambaye alimpenda baba kuliko dini. Mjomba alilia kila mara, hata akijua pale pa kulia panakuja. "Shemeji, weye!" alisema akijipangusa. "Utamumaliza yule Muzungu." Mama akasema, "Mumwambie tu kwamba maziwa yatafika asubuhi na kwamba ni safi." Wakamwangalia wote wawili kwa upole, kama mtu mgonjwa.

Na baba akaongeza kitu. Ng'ombe wa kwetu akifiwa na ndama, anafunga maziwa, huwezi kumkama. Basi unachuna yule ndama, unajaza ngozi yake majani makavu, unaipaka chumvi, unaisimamisha mbele ya mama yake. Anailamba. Anaitambua harufu, anaachia maziwa. Kwetu mtu anayejua kutengeneza ngozi hiyo vizuri anasifiwa, maana ngozi mbaya ng'ombe anaikataa na anapiga teke. Ya baba ilikuwa nzuri ajabu, ungesema itasimama ikimbie. Akaamua kuibeba. Aliona kwamba Muzungu akiiona ataelewa ni fundi wa namna gani amekuja mlangoni kwake.

Twende basi. Tulienda baba, mama na kibuyu chake, na mimi. Kwenye baraza la nyumba ya shamba walikuwa wamekaa Muzungu wa pareto, Madamu wake, na mgeni wao, Muzungu mwingine mwenye uso mwekundu, anayekunywa kahawa. Karibu na ngazi alikuwa amesimama jirani yetu mmoja, naye akitafuta kazi ileile. Alikuwa na ndoo ya bati yenye kifuniko. Akaulizwa kwanza. Akasema, "Kila asubuhi. Safi." Akafunika ndoo yake. Baba aliniangalia, akatabasamu kwa huruma.

Kisha baba akaanza. Mama wee! Sikuwahi kumsikia vizuri hivyo. Alianza na mvua, akashuka kwenye kuzaliwa kwa ndama, miguu ikitetemeka, akafika kwenye kifo, akakaa hapo, akaita kwa sauti ya ng'ombe mpaka mbwa wa Madamu akaamka. Karani wa shamba, mtu wa mbali aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi, alikuwa amesimama kando ili atafsiri. Baba aliposimama kupumua, karani akasema maneno matatu ya Kifaransa. Baba akaniuliza kwa sauti ndogo, "Amesema yote?" Mimi nitajua wapi! Akaendelea na kilio cha jioni. Karani akasema maneno mawili. Nilikuja kujifunza Kifaransa baadaye kwa masista, na nikikumbuka midomo ya yule mtu ilivyosogea, ninaamini alisema: maziwa ni mazuri, na tena: mazuri sana.

Baba akaona hawalii. Akatoa ngozi.

Akaisimamisha barazani, akaigeuza uso wake kwa Madamu, akaonyesha kwa ulimi wake mwenyewe namna ng'ombe anavyolamba, na kwa mikono namna maziwa yanavyoshuka. Hapo karani hakuhitajika tena. Madamu alielewa kila kitu. Akaweka mkono mdomoni. Akalia, na akalia kweli, mabega yanatikisika, na baba akatugeukia na macho ya ushindi. Kisha Madamu akasema kitu kirefu huku amenyoosha kidole kwenye kibuyu chetu, akaingia ndani, akabamiza mlango. Karani, aliyekuwa mvivu wa maneno mpaka hapo, akatafsiri yote bila kupunguza: Madamu hatakunywa maziwa yaliyoibwa kwa mama kwa kumdanganya na maiti ya mtoto wake, na kitu kile kitolewe barazani mara moja.

Kazi ikapewa ndoo yenye kifuniko.

Tulishuka ngazi. Baba alibeba ngozi kifuani, hakujua aishike namna gani tena. Mama alimshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo kwetu halikufanywa. Nilimwona baba anaogopa, na nikalia kwa nguvu njiani, nikamwambia, "Papa, usiende kule." Akaongeza mwendo. Alijua kwamba mjumbe hatauliza umri wake mara nyingine.

Tukasikia karani anatufuata mbio. Yule mgeni mwekundu alikuwa ameacha kahawa yake. Alikuwa mtu wa kampuni ya Itebero, amekuja kulalamika kwa rafiki yake kwamba wanaume wanaochukuliwa kwa nguvu wanatoroka njiani, na kwamba anahitaji waende kwa kupenda. Alishamwona mtu aliyemliza Madamu kwa ajili ya ng'ombe, bila Kifaransa. Akampa baba kazi: apite masoko, aseme na watu. Yeye mwenyewe hatapelekwa popote. Akampa na koti.

Furaha iliyokuwa kwetu siku ile, siwezi kuikana leo kwa sababu ninajua yaliyofuata. Tulicheza. Mjomba alikuja kutoka Nyamitaba na pombe ya ndizi. Nilimshukuru Mungu kwamba alinisikia vizuri, na nikamsifu kwa akili zake: kumwokoa mtu na Itebero kwa njia ya Itebero! Mama pia alicheka, mdogo wangu mgongoni. Baadaye kidogo akamuuliza baba, "Sasa utawaambia nini? Hujafika kule."

"Nitafika kwa kusema," baba akajibu.

Na alifika, haki ya Mungu. Burungu, Nyamitaba, kila soko la huku juu, baba alisimama na koti lake na kuwapeleka watu Itebero kwa sauti yake ya chini. Kule mawese yanamwagika bila mtu kuyakinga. Kule nyama ya porini unakula mpaka unageuza uso. Nyumba ni za mistari, daktari anapita asubuhi anauliza kila mtu kama amelala vizuri. Lakini hayo yalikuwa ya kuchangamsha tu. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kijana mmoja masikini ambaye mama yake alimkatalia kwenda, akaenda, akarudi na blanketi, na alipofika kwenye mlango mama yake hakumtambua jinsi alivyonenepa, akamwuliza, "Wewe ni mutoto wa nani?" Na kijana akajibu, "Ni wako, mama." Hapo njo baba alilia. Moja upande huu, moja upande ule. Hapakuwa na kijana. Hapakuwa na blanketi isipokuwa letu. Vijana walikimbilia mbele wakaandikwa, wengine wakawavuta na ndugu zao. Baba alirudi na chumvi na kitambaa, na mimi nilikuwa mtoto wa kwanza kwenye kilima chetu kuvaa gauni lenye kola.

Ila mama alianza kurudi na maziwa. Wamama hawakugombana naye. Walimjia tu na swali moja: wa kwangu anaendelea namna gani kule? Mama alijibu, "Sijui." Walingoja aongeze kitu. Wakaenda kununua kwingine.

Kisha akarudi mmoja wa wale walioandikwa Burungu. Aliingia kwetu akitembea na fimbo, macho ya manjano, akaketi. Baba alimkaribisha vizuri. Mtu yule hakuja kugombana, hakuwa na nguvu hizo. Alisema mvua haiishi. Alisema mawe yaliangukia watu, wakazikwa hapohapo. Alisema wengi wana homa, na daktari hawajamwona. Akaomba maji, akayanywa, akaondoka. Hakupamba chochote, na baba, ambaye alikuwa amemsikiliza mdomo wazi, alikaa pale hadi ng'ombe waliporudi, na siku hiyo walikamwa na mtu mwingine.

Ungefikiri aliacha. Aka! Angeacha, mjumbe wa chefu angekuja kesho yake. Mama alijua, mimi nilijua. Hakuna kati yetu aliyemwambia aache. Akaendelea, akapunguza mawese, akaondoa daktari, akafupisha. Na kadiri alivyofupisha, hadithi ikawa tamu zaidi, maana sasa alipofika kwa yule kijana mlangoni alikuwa analia bila kungoja pale pake, na watu walisema mtu huyu anasema kutoka moyoni.

Asubuhi moja tukamwona mjomba anapanda kilima. Alikuwa na mkeka umekunjwa begani na mfuko. Alimsikia baba kwenye soko la Nyamitaba, akaandikwa, amekuja kutuaga. Aliingia anacheka. Alikuwa na mke na mtoto mdogo, alitaka bati la kuezeka nyumba, na mtu pekee duniani aliyemwamini kabisa alikuwa shemeji yake.

Baba alisimama, akaufunga mlango kwa mwili wake. "Shemeji, usiende," akasema. "Kule watu wanakufa."

Mjomba akacheka. "Eh! Leo unaanzia wapi?"

"Sijaanza kitu. Ninakwambia. Mawe yanaanguka. Kuna homa. Mimi sijafika Itebero hata siku moja."

"Sasa mbona sokoni ulisema muzuri, na hapa nyumbani unasema hovyo hivi?" Mjomba alimgeukia mama. "Dada, amegombana na Muzungu wake ao namna gani?"

Mama akasema, "Usiende."

"Ah, weye!" Mjomba akamshika bega kwa upendo. "Weye hujawahi kuuza kitu."

Baba akajaribu tena. Alimweleza habari za yule mtu wa fimbo, lakini alimweleza vibaya, akiruka, akirudia neno moja, anakwama, mikono haijui ikae wapi. Sikuwahi kumsikia hivyo. Mtu ambaye aliwapeleka wanaume wa vilima viwili porini kwa hadithi ya blanketi, alishindwa kumzuia mmoja mlangoni kwake. Kisha machozi yakamtoka. Hayakuwa moja upande huu na moja upande ule. Yalitoka tu, na kamasi, akayaacha.

Mjomba alitulia, akamwangalia. Nikafikiri ameelewa. Uso wake ukalegea, ukajaa raha, akapiga makofi pole pole.

"Hapo!" akasema. "Hapo njo unanimalizaga, shemeji. Pale pa kijana na mama yake."

Akamkumbatia, akampitia pembeni, akapokea maziwa ambayo mama alimpa, akanywa, akarudisha kikombe, akashuka. Alipungia mkono kutoka bondeni.

Hakurudi. Palifika neno tu, kama kwa wengine, na mama alienda Nyamitaba kumwambia yule mjane, akamwambia kwa maneno mawili, kwa sababu hakuwa na mengine.

Baba alibaki nasi. Niliomba abaki, akabaki, akazeeka hapohapo juu ya Burungu. Mama hakumtukana hata mara moja. Alimtengea chakula, alimfulia lile koti, walisali pamoja Jumapili. Lakini baba akianza kusimulia kitu, hata cha kuchekesha, hata cha kumbembeleza mtoto alale, mama alisimama akatoka nje.